Kufundisha Namba Kubwa: Jina Lake, Jengo Lake na Tabia Zake

Mwalimu akiulizwa ni lini mwanafunzi ameielewa namba kubwa, aghalabu hujibu kwamba ni pale anapoweza kuisoma na kuiandika bila kosa. Maoni yangu ni kwamba jibu hilo halitoshi, na kwamba kuridhika nalo kunawafanya vijana wengi wamalize elimu ya msingi wakiwa na woga wa kila namba iliyozidi tarakimu nne. Kusoma na kuandika ni mlango tu. Mwanafunzi anayeweza kusoma 332,020, lakini hawezi kusema bila kuigawanya kama inagawanyika kwa 4 au kwa 3, anaifahamu namba hiyo kama mtu anavyomfahamu jirani kwa jina tu, asijue kazi yake wala tabia yake.

Namba hiyo nimeichagua kwa makusudi. Ni idadi ya watu wa Wilaya ya Karagwe kama walivyohesabiwa katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2012. Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka huo huo, ilikuwa na watu 321,026. Sensa nyingine imefanyika mwaka 2022, na mwalimu anaweza kutafuta namba mpya za wilaya yake akazifanyia kazi ile ile. Mimi nitabaki na hizi mbili za 2012, kwa kuwa zinatosha kuonyesha yote ninayotaka kusema, na kwa kuwa kila mtoto aliyezaliwa Kayanga, Nyaishozi au Nkwenda kabla ya siku ile ya sensa ni moja katika jumla yake.

Jina la namba

Kiswahili kina utajiri wa namna za kutaja namba, lakini utajiri huo una mtego wake. Mwalimu akitamka "elfu ishirini na sita", wanafunzi wawili waweza kuandika namba mbili tofauti bila yeyote kati yao kuikosea lugha. Mmoja ataandika 26,000, na mwingine ataandika 20,006. Tofauti ya majibu hayo inategemea pumzi ya msemaji, yaani kama alituama kidogo baada ya neno "ishirini" au hakutuama. Mwalimu asiyeujua utata huu atampa mmoja wa watoto hao alama ya kosa, na mtoto ataondoka akiamini kwamba hesabu ni kubahatisha. Yafaa basi namba ya kwanza itajwe "ishirini na sita elfu", na ya pili "elfu ishirini, na sita", kwa kituo kinachosikika. Zaidi ya hayo, yafaa wanafunzi waonyeshwe utata wenyewe na waujadili, badala ya kufichwa.

Mtego wa pili ni wa laki. Mkato tunaouandika huigawa namba kwa tarakimu tatu tatu kutoka kulia, hivi: 321,026. Kwa kuufuata mkato huo tungesoma "mia tatu ishirini na moja elfu, na ishirini na sita". Lakini sokoni Omurushaka, na kule Murongo mpakani mwa Uganda, mtu atasema "laki tatu na ishirini na moja elfu". Neno laki limetufikia kutoka Bara Hindi, na huko lilikotoka mkato nao huwekwa baada ya tarakimu ya laki, hivi: 3,21,026. Sisi tulilichukua neno, tukauacha mkato wake. Kwa hiyo mtoto wetu husikia jina linaloikata namba mahali pamoja, na huona maandishi yanayoikata mahali pengine. Hilo si jambo la kumlaumu. Ni jambo la kumweleza.

Mtego wa tatu ni sifuri. Katika imla ya namba, wako wanafunzi wanaoiandika namba ya Kyerwa kuwa 32,126. Sababu yake ni nyepesi: sifuri haitamkwi, huandikwa tu. Sikio halikusikia kitu katika nafasi ya mamia, na mkono haukuandika kitu. Tiba yake ni jedwali la nafasi, lenye vyumba vya malaki, makumi elfu, maelfu, mamia, makumi na mamoja, na sharti kwamba chumba kisicho na mwenyeji lazima kiwe na sifuri mlangoni. Mtoto wa Kinyambo afikapo shuleni aghalabu anajua nyumbani kwao kumi ni ikumi na mia ni igana. Mwalimu asione haya kuanza na maneno hayo katika vyumba viwili vya jedwali. Wazo la kufunga kumi kumi mtoto anakuja nalo. Sisi tunampa maandishi yake.

Jengo la namba

Baada ya jina, twende kwenye jengo. Karibu kila mwanachuo anajua kanuni kwamba namba hugawanyika kwa 3 iwapo jumla ya tarakimu zake hugawanyika kwa 3. Lakini mwanachuo akiulizwa kwa nini ni hivyo, aghalabu hunyamaza. Kanuni isiyo na sababu ni kama dawa isiyo na maelezo: leo itaponya, kesho itamezwa kwa ugonjwa usio wake. Ndivyo wanafunzi wanavyoichukua kanuni ya 3 wakaitumia kwa 4, wakasema 332,020 haigawanyiki kwa 4 kwa sababu jumla ya tarakimu zake ni 10.

Sababu yenyewe inaweza kufundishwa kwa vijiti. Mwalimu afunge bunda moja la vijiti kumi, awaite watoto watatu mbele ya darasa, na aagize wagawane sawasawa. Kila mmoja atapata vitatu, na kijiti kimoja kitabaki. Kisha afunge bunda la mia. Watoto watapata thelathini na tatu kila mmoja, na hapo pia kijiti kimoja kitabaki. Elfu itaacha kimoja, elfu kumi kimoja, na laki kimoja, kwa kuwa 9, 99, 999 na zote za namna hiyo hugawanyika kwa 3. Hapo hakuna haja ya kuleta vijiti vingi zaidi, kwa sababu akili imekwisha kuona njia.

Sasa turudi kwenye namba ya Karagwe. Laki tatu zitaacha vijiti 3, makumi elfu matatu yataacha 3, maelfu mawili yataacha 2, mamia hayapo, makumi mawili yataacha 2, na mamoja hayapo. Vilivyobaki ni 3 + 3 + 2 + 0 + 2 + 0, yaani 10. Tukivigawa hivyo navyo, baki ni 1. Kumbe jumla ya tarakimu si uganga, ni mkusanyo wa mabaki. Namba ya Kyerwa nayo inatupa 3 + 2 + 1 + 0 + 2 + 6, yaani 14, na baki lake ni 2.

Hapa pana jambo ambalo ningependa kila mwanachuo alionje mwenyewe kabla ya kulipeleka darasani. Watu wa Karagwe hawakugawanyika kwa 3, wala watu wa Kyerwa hawakugawanyika kwa 3. Je, tukiwajumlisha, yaani tukizirudisha wilaya mbili kuwa moja kama zilivyokuwa kabla ya 2012, itakuwaje? Mwanafunzi wa haraka atajibu kwamba haitawezekana pia. Lakini baki la kwanza ni 1 na baki la pili ni 2, na mabaki hayo yakikutana hufanya 3 kamili. Jumla ni 653,046, na theluthi yake ni 217,682 bila baki. Mtoto aliyelitabiri jibu hilo kabla ya kugawanya amefanya kazi ya mwanahisabati, ingawa hana kitu mkononi ila kipande cha chaki.

Kwa njia hiyo hiyo ataona kwa nini 4 ina kanuni tofauti. Mia hugawanyika kwa 4 bila kuacha kitu, na kwa hiyo maelfu na malaki hayana baki pia. Yanayohitaji kuangaliwa ni makumi na mamoja tu. Namba ya Karagwe inaishia na 20, basi inagawanyika. Ya Kyerwa inaishia na 26, basi haigawanyiki, ingawa ni shufwa.

Tabia inayomlinda mwenye namba

Wapo watakaouliza faida ya mambo haya kwa mtoto wa mkulima. Swali ni la haki, na linastahili jibu la haki. Tuseme mkulima amepeleka kilo 176 za kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi, na kwamba bei ni shilingi 1,400 kwa kilo. Bei hii ni ya mfano tu. Malipo yake ni shilingi 246,400. Karani akiandika 236,400, nani atajua? Mkulima hana kikokotoo, foleni ni ndefu, na jina la anayefuata limekwisha kuitwa.

Mtoto wake aliyefundishwa mabaki ya 9 anaweza kujua kwa muda wa kufumba na kufumbua. Tarakimu za 176 zina jumla ya 14, na 1 + 4 ni 5. Tarakimu za 1,400 zina jumla ya 5. Tano mara tano ni 25, na 2 + 5 ni 7. Basi malipo sahihi hayana budi kutoa 7. Namba 236,400 inatoa 15, yaani 6. Hailingani, karani arudie hesabu. Namba 246,400 inatoa 16, yaani 7. Inalingana. Sababu ni ile ile ya vijiti, kwa kuwa 10, 100 na 1,000 huacha kimoja kimoja zikigawanywa kwa 9 kama zilivyoacha kwa 3.

Lakini mwalimu mwaminifu atasema pia mahali ambapo njia hii inashindwa. Karani akizibadilishana tarakimu mbili, akaandika 244,600, jumla ya tarakimu haibadiliki na kosa litapita. Hapo pana somo jingine zuri. Tofauti kati ya 246,400 na 244,600 ni 1,800, ambayo ni 9 mara 200. Kila mara tarakimu mbili zinapobadilishana nafasi, tofauti inayotokea hugawanyika kwa 9. Mtunza hesabu anayeona daftari lake halilingani, na tofauti yake inagawanyika kwa 9, hutazama kwanza kama kuna tarakimu zilizobadilishana.

Njia hiyo hupima hata hesabu za serikali. Katika sensa ya 2012 Mkoa wa Kagera ulikuwa na halmashauri nane: Biharamulo watu 323,486, Bukoba Vijijini 289,697, Manispaa ya Bukoba 128,796, Karagwe 332,020, Kyerwa 321,026, Missenyi 202,632, Muleba 540,310 na Ngara 320,056. Tukiendelea kujumlisha tarakimu mpaka ibaki tarakimu moja, tunapata kwa mfuatano 8, 5, 6, 1, 5, 6, 4 na 7. Jumla ya hizo ni 42, yaani 6. Jumla ya mkoa iliyotangazwa ni 2,458,023, na tarakimu zake zina jumla ya 24, yaani 6. Darasa zima linaweza kushiriki, kila kikundi kikichukua halmashauri moja, na kipindi kimoja kinatosha.

Vigawo na subira

Tabia ya mwisho ninayoipendekeza ni ya vigawo. Namba ya Karagwe hufunguka kwa wepesi. Inaishia na sifuri, basi 10 ni kigawo chake. Tukiigawanya kwa 20 tunapata 16,601, ambayo ni 13 mara 1,277, na 1,277 ni namba tasa. Kwa hiyo 332,020 ni 2 × 2 × 5 × 13 × 1,277.

Namba ya Kyerwa, iliyo ndogo kidogo, ni ngumu zaidi. Nusu yake ni 160,513. Mwanafunzi atajaribu 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea, na kila mara atapata baki. Kati ya namba tasa zote, 35 za mwanzo zitamkatalia. Ya 36, ambayo ni 151, itakubali, na jibu ni 1,063. Je, 1,063 nayo ni tasa? Hakuna haja ya kuanza upya. Ingekuwa na kigawo tasa kidogo kuliko yenyewe, mojawapo ya vigawo hivyo ingekuwa chini ya 33, maana 33 mara 33 ni zaidi ya 1,063. Lakini hizo zote zimekwisha kujaribiwa na kukataa. Basi ni tasa, na 321,026 ni 2 × 151 × 1,063.

Na tuone jambo hili. Kuzidisha 151 kwa 1,063 ni kazi ya dakika moja. Kuanza na 160,513 na kuvitafuta vigawo hivyo viwili ni kazi ya kipindi kizima. Kwenda ni rahisi, kurudi ni kugumu. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman, wakiwa Marekani, waliijenga njia ya kuficha ujumbe juu ya ugumu huo huo, kwa kutumia namba tasa zenye tarakimu nyingi mno. Njia yao imetumika kulinda siri za mawasiliano ya mabenki na kompyuta ulimwenguni. Mtoto wa Kyerwa aliyehangaika na 160,513 hadi akafika 151 ameugusa ugumu wenyewe kwa mkono wake.

Pingamizi na majibu yake

Nitaambiwa kwamba muda hautoshi, darasa lina wanafunzi wengi, na mtihani hauulizi haya. Kuhusu muda, sipendekezi mada mpya hata moja. Thamani ya nafasi, kugawanya, baki, namba shufwa na witiri, namba tasa na vigawo vyote vimo katika hisabati ya shule ya msingi. Ninachopendekeza ni kwamba visifundishwe kama vijiji visivyo na njia kati yao, bali vikutanishwe katika namba moja ambayo mtoto ana sababu ya kuijali. Kuhusu wingi wa wanafunzi, bunda la vijiti halina gharama, na halmashauri nane za Kagera zinatoa kazi kwa vikundi vinane. Kuhusu mtihani, anayejua sababu ya kanuni haisahau siku ya mtihani, na akiisahau anaweza kuiunda upya.

Nitaambiwa pia kwamba mambo ya vigawo vya namba kubwa yaachiwe sekondari. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka elimu ya msingi iwe kamili kwa nafsi yake, isiwe maandalio tu ya shule za juu. Hoja hiyo haijachakaa. Mtoto atakayekwenda sekondari atafaidika, na yule atakayebaki shambani, dukani au kwenye mizani ya kahawa atafaidika zaidi, kwa kuwa yeye hatapata mwalimu mwingine wa kumwambia yale tuliyoyaacha.

Kwa hiyo, ndugu mwanachuo, unapoandaa somo la namba kubwa katika mazoezi ya kufundisha, usiridhike na imla ya namba kumi na alama za vema. Anza na namba ya mahali ulipo. Itamkeni kwa namna zote mbili na muulizane ipi ina utata. Ivunjeni kwa nafasi, mtabiri mabaki yake kabla ya kugawanya, mtafute vigawo vyake mpaka mchoke. Na kabla hujaingia darasani, jipime wewe mwenyewe kwa namba hii: sensa ya 2022 iliwakuta Watanzania 61,741,120. Bila kuigawanya, sema inaacha baki gani kwa 3, kwa 4 na kwa 9. Ukiweza kulipata jibu, na ukaweza kumweleza mtoto wa darasa la tano kwa vijiti kwa nini ni hivyo, uko tayari kuifundisha.